CD20 hasi, CD138 chanya: jinsi ya kusoma ripoti ya limfoma ya plazmablasti

Swali limetoka kwa msomaji wa Likoni. Nimelifupisha kidogo:

"Assalamu alaykum, daktari. Kakangu ana miaka 43, anaishi na VVU na dawa zake anameza. Aling'olewa gego la chini, kidonda kikakataa kufunga, kisha ufizi ukaota nyama. Akakatwa kinyama kikapelekwa maabara. Ripoti ya kwanza ilisema ni saratani, yawezekana ni limfoma ya Burkitt, lakini tulipie vipimo zaidi. Tukachanga, tukalipa, tukangoja. Ya pili imeandikwa hivi: CD20 hasi, PAX5 hasi, CD3 hasi, sitokeratini hasi, CD45 hafifu, CD138 chanya, MUM1 chanya, ALK hasi, LANA-1 hasi, EBER chanya, Ki-67 asilimia 95. Mwisho wake: limfoma ya plazmablasti. Mbona hasi ni nyingi hivyo na bado ni saratani? Kwa nini jina limebadilika? Hakuna kipimo kimoja cha uhakika ambacho kingetuepusha na kulipa mara mbili? Na ile 95, ina maana imeenea mwilini asilimia 95? Mama naye anauliza kama sisi wengine tupimwe."

Wa alaykum salaam, dadangu. Pole wewe, pole Mama, na kakako Mungu ampe afueni.

Nianze na ile 95, maana najua ndiyo inayowanyima usingizi. Haihusiani na kuenea. Ki-67 ni protini inayopatikana ndani ya kiini cha seli wakati seli hiyo iko katika mzunguko wa kujigawa. Seli iliyotulia haina. Ripoti inasema kwamba ndani ya kile kinyama kilichotolewa ufizini, seli 95 katika kila 100 za uvimbe zilikuwa katika mzunguko huo. Hiyo ni habari ya kasi. Ugonjwa umefika wapi mwilini hujulikana kwa CT skani, kwa kupima uboho, na pengine kwa kupima maji ya uti wa mgongo. Huenda hadi sasa uko pale pale kwenye taya. Lakini kasi hiyo ina maana kwamba kungoja-ngoja hakufai: uvimbe wa namna hii hukua kwa wiki. Faraja iliyomo ni kwamba seli zinazojigawa ndizo ambazo dawa za kemo huzikamata vyema.

Sasa habari ya jina kubadilika. Limfoma ni saratani ya aina fulani za chembe nyeupe za damu. Kinyama kikifika maabara hukatwa vipande vyembamba vya mikroni 3 au 4, yaani sehemu 3 au 4 za elfu za milimita. Kipande hutiwa rangi mbili za kawaida, ya buluu na ya waridi, kisha hutazamwa kwa hadubini. Aliyetazama cha kakako aliona seli kubwa za mviringo, zimesongamana, nyingine zinajigawa na nyingine zinakufa. Kwamba ni saratani, hilo lilikuwa wazi. Saratani ya nini, rangi hizo mbili haziwezi kusema. Kasinoma ya kinywa (saratani ya ngozi laini ya ndani) iliyoharibika sura, melanoma (saratani ya seli zinazotia ngozi rangi), limfoma za aina kadhaa, hata mieloma (saratani ya uboho), zote zaweza kuonekana hivyo hivyo.

Wazo la Burkitt lilikuja kwa sababu ya taya, na kwa sababu tuko Pwani. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu watoto waliokuwa wakiletwa mataya yamevimba. Baadaye ikaonekana kwamba ugonjwa huo unafuata maeneo yenye malaria nyingi, na kwa Kenya hayo ni pande za Ziwa Victoria na huku kwetu. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, wakiwa London, waliona kirusi ndani ya seli zilizotoka kwenye uvimbe huo. Ndicho kirusi tunachokiita leo Epstein-Barr, kwa ufupi EBV. Watu wazima wenye VVU nao hupata Burkitt. Kwa hiyo daktari aliyeandika "yawezekana" alitaja linalotarajiwa zaidi, na akataka lithibitishwe. Mimi humwamini daktari wa namna hiyo kuliko yule anayeandika jina kamili kwa kutazama rangi mbili tu.

Limfoma ya plazmablasti yenyewe ni ngeni vitabuni. Ilielezwa mwaka 1997 na Henri-Jacques Delecluse na wenzake, kwa wagonjwa 16 waliokuwa na uvimbe kinywani, karibu wote wakiishi na VVU. Ni nadra. Hata miongoni mwa limfoma za watu wenye VVU, hii ni takriban 2 katika kila 100. Ndiyo sababu mtu huweza kumaliza dozi mbili tatu za dawa za usaha kabla ya yeyote kufikiria kukata kinyama. Nani atawazia limfoma mbele ya tundu la gego? Ila kwa mtu mzima mwenye VVU ambaye kidonda cha jino hakifungi na nyama inaota upesi, daktari wa meno hana haja ya kungoja. Akate kinyama.

Tuje kwenye hizo hasi na chanya. Seli B ni aina ya chembe nyeupe za damu. Inazaliwa kwenye uboho, inapita kwenye tezi, na mwisho wa safari yake hugeuka kuwa seli ya plazma, ambayo kazi yake ni kutoa kingamwili. Ifikirie kama mwanafunzi. Akiwa shuleni huvaa sare, na bawabu humtambua kwa sare hiyo. Akimaliza masomo akaajiriwa, sare ya shule huivua akavaa ya kazini. Ya shule kwa seli B ni CD20 na PAX5. Ya kazini ni CD138, MUM1, CD38 na BLIMP1. Plazmablasti ni yule aliyekwisha kubadili nguo lakini bado hajatulia kazini: anaendelea kujigawa kwa kasi ya ujana. Saratani ikianzia kwa seli iliyo katika hatua hiyo, hubaki na mavazi ya hatua hiyo.

Na mabadiliko hayo yana sababu yake. PAX5 ndiyo inayoishikilia seli ibaki kuwa B. BLIMP1 inapoanza kazi huizima PAX5, na kwa kuzimwa huko CD20 nayo hutoweka. Kwa hiyo CD20 hasi pamoja na PAX5 hasi kwenye ripoti yenu ni jambo moja linalosemwa na protini mbili. Haisemi kwamba hakuna saratani. Inasema kwamba saratani hii imetoka kwa seli iliyokwisha kuvuka hatua ya B ya kawaida. Hasi hapa ni jibu la swali "protini hii ipo?", basi.

Kipimo kinaitwa imunohistokemia. Maabara hutumia kingamwili kilichotengenezwa ili kishike protini moja peke yake, ufundi uliowezekana tangu Georges Köhler na César Milstein walipoonyesha mwaka 1975 jinsi ya kuzalisha kingamwili cha aina moja bila kikomo (walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984). Kingamwili kikishika, kemikali inayofuatia huacha rangi ya kahawia. Kwa kila protini hutumika kipande chake cha nyama, kioo chake na kingamwili chake, na ndiyo maana bili yenu ilihesabiwa protini baada ya protini. Na kahawia lazima ionekane mahali pake: MUM1 ndani ya kiini, CD138 kwenye utando wa nje wa seli. Kahawia iliyomwagika ovyo kwenye kioo kizima si chanya, hata kama mashine imefanya kazi yake. EBER katika orodha yenu si protini. Ni RNA ya kirusi cha EBV, nayo hupimwa kwa njia ya pekee inayotafuta RNA hiyo ndani ya seli.

Ukiisoma orodha yenu kwa mpangilio aliokuwa nao kichwani yule daktari wa patholojia, utaona kila mstari ulikuwa unafunga mlango mmoja. Alianza na kasinoma, maana kinywani ndiyo saratani ya mtu mzima tunayoiona mara nyingi zaidi, hasa kwa wavuta sigara, wanywaji na watafunaji wa tambuu yenye tumbaku. Sitokeratini, protini ya seli za ngozi ambayo kasinoma huwa nayo, ilikuwa hasi ikaufunga mlango huo. CD3 hasi ikafunga wa limfoma za seli T, aina nyingine ya chembe nyeupe. CD20 na PAX5 zikafunga mbili kwa mpigo: limfoma ya kawaida ya seli B kubwa, na Burkitt. Burkitt hubeba CD20 waziwazi, pamoja na CD10 na BCL6. Hapo ndipo jina la kwanza lilipoanguka. CD138 na MUM1 zikaonyesha upande wa plazma.

Zilibaki limfoma mbili adimu zinazovaa karibu sawa na hii. Moja husababishwa na HHV-8, kirusi kile kile cha saratani ya Kaposi, na kwa kawaida huanza kwa kujaza maji kifuani au tumboni ingawa mara nyingine hufanya uvimbe. LANA-1 ni protini ya kirusi hicho, na kwa kakako ni hasi. Nyingine hubeba ALK, huwa haina EBV, na wagonjwa wake kwa kawaida wana kinga nzuri. ALK yenu hasi. Kisha EBER chanya ikakazia: limfoma nyingi za plazmablasti, yapata 7 katika kila 10, huwa na EBV, na kwa wenye VVU idadi hiyo ni kubwa zaidi.

CD45 hafifu nayo ina neno la kusemwa. Hiyo ni protini ya chembe nyeupe karibu zote, na madaktari wengi hufundishwa kwamba CD45 hasi maana yake "si limfoma". Kwa limfoma hii sivyo. Seli zikielekea plazma, CD45 hufifia au kupotea. Maabara inayofanya vipimo vitatu tu vya kuanzia, CD45, CD20 na sitokeratini, inaweza kuona vyote vitatu hasi ikaandika kwamba hiki si limfoma wala kasinoma, na mgonjwa akaanza kutafutiwa melanoma.

Hapo sasa ndipo kwenye swali lako la kipimo kimoja. Hakipo, na sioni dalili kwamba kitakuja karibuni. Chukua CD138, ambayo wengi huiona kuwa ndiyo alama kuu ya plazma. Ngozi laini ya ufizi, ile nzima isiyo na ugonjwa wowote, ni chanya kwa CD138. Kasinoma za kinywa nyingi ni chanya pia. Angepimwa CD138 peke yake, mvutaji sigara mwenye kasinoma ya ulimi angeandikiwa limfoma. MUM1 huonekana kwenye melanoma na kwenye baadhi ya limfoma za seli T. EBER iko kwenye Burkitt, kwenye limfoma ya Hodgkin, na hata kwenye chembe nyeupe chache za mtu asiye na saratani yoyote. CD20 hasi yaweza kuonekana kwa limfoma ya kawaida ya B ambayo imekwisha kutibiwa kwa rituksimabu, dawa inayolenga CD20. Limfoma ya plazmablasti yenyewe nayo haina nidhamu: baadhi yake hutoa CD30, baadhi CD56, baadhi CD79a ambayo ni ya seli B, na chache hutoa hata protini za seli T bila kuwa na uhusiano nazo. Uhakika hutoka kwenye mkusanyiko wa majibu, umbo la seli, mahali uvimbe ulipo, na hali ya mwenye mwili.

Na hata mkusanyiko wote huo una mahali unapokwama, nalo ni jambo ninalotaka mlifuatilie. Mieloma, saratani ya seli za plazma kwenye uboho, ikiwa kali huweza kuwa na sura ile ile na protini zile zile: CD20 hasi, CD138 chanya, MUM1 chanya, Ki-67 ya juu. Hadubini haiwezi kuzitenganisha kwa uhakika. CD56 na saiklini D1 zikiwa chanya huvuta kidogo upande wa mieloma, EBER chanya huvuta sana upande wa limfoma, na kwa kakako VVU na uvimbe wa kinywani vinavuta huko huko. Nikipewa ripoti yenu kavu, bila kumwona mgonjwa, ningekubaliana na jina lililoandikwa. Hata hivyo daktari wa saratani anapaswa kuuliza mambo ambayo kioo hakisemi: kalsiamu ya damu ikoje, figo zikoje, damu imepungua kiasi gani, mifupa mingine ina matundu, kuna protini moja iliyojaa isivyo kawaida kwenye damu au mkojo, uboho umekutwa na nini. Vingi katika hivyo ni vipimo vya damu vya kawaida, na CT ya kutazama ugonjwa umefika wapi hujibu lile la mifupa pia. Sijaona mahali ulipovitaja. Muulizeni.

Kuna jambo lingine ambalo wagonjwa hawaambiwi, nalo kwangu ni kubwa kuliko orodha ya protini. Ubora wa jibu huamuliwa dakika kinyama kinapotoka mwilini. Kinapaswa kutumbukizwa mara moja ndani ya fomalini ya asilimia 10, iliyo mara 10 ya ukubwa wake au zaidi, na kikae humo si chini ya saa 6 na kwa kawaida si zaidi ya siku 3. Kikiachwa kwenye shashi yenye maji ya chumvi juu ya meza, kwa joto letu la kaskazi, protini huanza kuoza kabla hakijafika popote. Kikisongwa ndani ya kichupa kidogo chenye fomalini ya kufunika chini tu, pande za nje huhifadhika vizuri na katikati huharibika. Kipimo kikifanywa kwenye sehemu iliyoharibika, hutoka hasi. Hasi hiyo ni ya uongo, na kwenye karatasi inafanana kabisa na hasi ya kweli.

Taya lina tatizo lake la ziada. Kinyama kikija na vijipande vya mfupa, lazima mfupa ulainishwe ndipo uweze kukatwa. Maabara yenye haraka hutumia asidi kali, na asidi kali huila RNA. EBER hapo hutoka hasi hata kama kirusi kimejaa tele. Njia ya upole ni EDTA, ambayo huchukua siku nyingi zaidi na watu hulalamika ripoti imechelewa. Njia bora zaidi ni mkata-kinyama mwenyewe: achukue nyama laini ya uvimbe, aitenge na mfupa, aiweke kwenye kichupa chake. Kwa kakako EBER imetoka chanya, kwa hiyo tunajua RNA yake haikuharibika. Hilo limenifurahisha nilipoisoma ripoti.

Ukitaka kujua kama hasi za ripoti ni za kuaminika, kuna swali moja la kuuliza maabara: vidhibiti vilifanya kazi? Kwa kawaida huwekwa kipande cha tonsili ya mtu mwingine ambayo inajulikana ina CD20, ina CD3, ina seli za plazma zenye CD138, ikapitishwa kemikali zile zile siku ile ile. Tonsili ikiwa kahawia na uvimbe ukabaki buluu, hasi ni ya kweli. Ndani ya kinyama chenyewe pia kuna vidhibiti vya bure: chembe B na T za kawaida zilizopita hapo, ngozi ya ufizi yenye CD138. Daktari makini huandika mstari mmoja kwamba vidhibiti vilikuwa sawa. Ripoti ya limfoma inayotegemea hasi za CD20 na PAX5 bila mstari huo, mimi hupiga simu.

Kuhusu gharama. Kulipa kwa awamu mbili ulikuwa utaratibu sahihi, dadangu, ijapokuwa mfuko uliumia. Bila kutazama kwanza kwa rangi mbili, daktari angeagiza protini 25 kwa kubahatisha, na hapo mngelipa maradufu. Mlichokosewa ni kutoambiwa tangu mwanzo kwamba malipo ya pili yapo karibu kwa kila limfoma. Hilo lingechukua dakika moja kulisema. Siku nyingine, kwa yeyote atakayewajia na habari kama hii, mwambieni aombe mambo matatu kabla hajaondoka: nakala za ripoti zote, namba ya bloku (kipande cha nta ambamo kinyama hugandishwa), na uhakika kwamba bloku hiyo imehifadhiwa. Nyama iliyomo kwenye bloku hukaa miaka na inaweza kukatwa tena bila kumchoma mgonjwa upya. Ikilazimu kupelekwa Nairobi kwa kipimo au kwa maoni ya pili, inayosafiri ni bloku. Mgonjwa anabaki nyumbani Likoni.

Kwenye bloku hiyo hiyo ningependa kiongezwe kipimo kimoja kama daktari wa saratani atakubali: MYC. Hiyo ni jeni inayoendesha kujigawa kwa seli, na katika karibu nusu ya limfoma za plazmablasti imehama mahali pake kwenye kromosomu. (Burkitt nayo ina MYC iliyohama, kwa hiyo msije mkashtuka mtu akasema "kumbe ilikuwa Burkitt".) Haibadilishi jina la ugonjwa, lakini humwambia daktari uzito wa anachokabiliana nacho. Kama kipimo hicho kitachelewesha matibabu, kiacheni.

Jina lenyewe linabadilisha nini kwenye matibabu? Mengi. Rituksimabu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 na ambayo imegeuza matibabu ya limfoma nyingi za seli B, kazi yake ni kushika CD20. Pasipo CD20 haina pa kushika. Mtu akiwapendekezea muuze kitu ili mpate pesa za rituksimabu, mwonyesheni mstari wa CD20 hasi. Pili, mchanganyiko wa kemo uitwao CHOP, ambao ndio wa kawaida kwa limfoma nyingi, huonekana hautoshi kwa hii. Miongozo mingi huelekea EPOCH, ambayo baadhi ya dawa zake huingizwa kwenye mshipa polepole kwa saa 96 mfululizo na kwa hiyo huhitaji kulazwa. Baadhi ya madaktari huongeza bortezomibu, dawa iliyoazimwa kutoka kwa mieloma, kwa sababu seli hizi zina tabia za plazma. Mara nyingi huongezwa pia dawa ya kuingizwa kwenye uti wa mgongo kuzuia ugonjwa usipande ubongoni. Ni ugonjwa mkali, sitawaficha. Wapo wanaopona, hasa ukikamatwa ukiwa mahali pamoja na kinga ya mgonjwa ikiwa bado imara.

ARV zisikatizwe hata siku moja. Kemo na kinga iliyoshuka kwa pamoja ni hatari. Lakini daktari wa saratani lazima aione orodha kamili ya dawa zake, kwa kuwa ritonaviri na kobisistati huzuia mwili kuondoa vinkristini, moja ya dawa za EPOCH, ikazidi mwilini na kuumiza neva. Na zidovudini hushusha damu ambayo kemo nayo inaishusha. Kama anameza kidonge kimoja kwa siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, ambacho ndicho wengi hapa Kenya wanachopewa, yuko pazuri. Kabla ya kuanza apimwe pia homa ya ini aina B. Kwenye kliniki ya saratani pale Makadara, hospitali kuu ya Mombasa, nendeni na ripoti zote mbili, kadi ya CCC (kliniki yake ya VVU) na majina ya dawa, na suala la idhini ya SHA, bima ya afya ya serikali, mlianze siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kulazwa.

La Mama. Mwambie ugonjwa huu haurithiwi na hauambukizi. Kula pamoja, kutumia vyombo vyake, kumuuguza, hakuna shida. Kile kirusi cha EBV kilichoonekana kwenye uvimbe, zaidi ya watu wazima 9 katika kila 10 duniani wanacho tangu utotoni bila kujua, yeye Mama pengine akiwa mmoja wao, kwa hiyo kumpima mtu yeyote nyumbani EBV ni kutupa pesa. Kama kakako ana mke na hajapimwa VVU karibuni, huyo apimwe. Lakini hilo lilikuwa lifanyike hata bila limfoma.